Ruta zinazoganda Unguja: bima imo ndani ya boksi, kasoro ni namna inavyowekwa

ZANZIBAR

MNUNUZI wa ruta katika maduka ya Darajani huuliza mambo matatu: bei, kasi na idadi ya antena. Jambo la nne, ambalo ndilo huamua kama duka lake litafanya kazi Jumamosi usiku wakati fundi yuko harusini, haliulizwi. Ni saa ndogo iliyomo ndani ya chipu, isiyoonyesha wakati wala kulia kengele. Kazi yake ni moja tu: kuiwasha ruta upya pale inapoganda.

Mafundi huiita saa ya ulinzi, na kwenye menyu za mitambo hiyo huandikwa Watchdog. Imo katika ruta nyingi zinazouzwa leo, hata zile za bei ya chini kabisa. Mnunuzi ameshailipia. Linalobaki ni kujua imewekwaje, na hapo ndipo fedha za wafanyabiashara wa Unguja hupotea au kuokoka.

Zamani kidogo ruta ikiganda, mgeni alikosa barua pepe na akaenda zake Forodhani kula urojo. Siku hizi mashine ya kadi hukataa, risiti ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar haitoki, kamera za lango hufa na karani wa mapokezi haoni chumba kilichouzwa usiku. Kisiwa kilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na sehemu kubwa yao walikuwa wameshika chumba kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege au boti.

Chukua mfano wa nyumba ya wageni ya vyumba 12 huko Kiponda. Ruta inaganda saa 4 usiku. Taa zake zinawaka kama kawaida, kwa hiyo mlinzi wa zamu haoni kasoro. Saa 6 mtu aliyeko Ulaya anashika chumba cha mwisho mtandaoni na kulipa. Saa 7 msafiri aliyechelewa anagonga mlango, karani anaangalia daftari la kompyuta ambalo halijapata habari mpya, anampa chumba kile kile. Asubuhi meneja anachomoa waya wa umeme, anauchomeka tena, mtandao unarudi, na chumba kimoja kina wenyewe wawili. Hasara hapo ni ya kumtafutia mgeni mmoja kitanda kwa jirani, kwa bei ya jirani, pamoja na maneno makali yatakayoandikwa juu ya nyumba hiyo na kusomwa na wageni wa msimu mzima.

Ruta hiyo hiyo, kama saa yake ya ulinzi ingekuwa kazini, ingejiwasha upya ndani ya dakika mbili tatu tangu igande.

Kwa wauzaji wa intaneti walio mjini na wateja walio shamba, hesabu ni nyingine lakini inaelekea huko huko. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi au Jambiani ni safari ya zaidi ya kilomita 50. Redio iliyo juu ya paa la hoteli ikiganda, fundi hutumwa na ngazi, mafuta ya gari na nusu siku ya kazi, ili akabonyeze swichi moja. Mwenye wateja 40 wa namna hiyo anajua kuwa faida ya mwezi inaweza kuishia barabarani.

Mlinzi na chuma

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Mwenye ghala Malindi amemwagiza mlinzi wa usiku agonge chuma kila nusu saa. Maadamu chuma kinasikika, mwenye ghala analala. Kisiposikika, anatuma mtu kumwamsha mlinzi kwa nguvu, bila kuuliza amelala kwa sababu gani.

Ndani ya ruta, chuma hicho ni ujumbe mfupi ambao programu kuu hutakiwa kuupeleka kwenye kaunta iliyo pembeni ya ubongo wa kifaa. Kaunta inahesabu kurudi nyuma. Kila ujumbe ukifika, hesabu inaanza mwanzo. Ikifika sifuri, kaunta huvuta waya wa kuanza upya na ruta nzima huzaliwa tena. Haijali kama kilichotokea ni kumbukumbu kujaa, kosa la programu au joto la chumba kisicho na dirisha. Na kwa kuwa kaunta ni ya chuma na silikoni, haitegemei programu iliyoganda ili ifanye kazi.

Ruta nyingi hutumia mfumo wa Linux. Humo saa ya ulinzi huonekana kama faili iitwayo /dev/watchdog. Programu ikishaifungua, hesabu imeanza na mkataba umetiwa saini: peleka ujumbe kwa wakati au uwashwe upya. Kuna hata herufi ya kuaga. Programu ikitaka kuacha kazi kwa amani lazima iandike herufi V kabla ya kufunga faili. Ikifunga bila kuaga, saa huchukulia kuwa imekufa na huendelea kuhesabu. Upo pia mpangilio mkali zaidi, uitwao nowayout, ambao haukubali kuaga kabisa.

OpenWrt, mfumo huria ambao mafundi wengi hupenda kuupakia kwenye ruta za bei nafuu, hukabidhi kazi hii kwa programu yake ya kwanza, procd. Kwa mpangilio wake wa kawaida procd hugonga chuma kila sekunde 5, na kaunta hupewa sekunde 30. Uwiano huo ni mzuri. Migongo mitano inaweza kukosekana kabla ya hatua kuchukuliwa, kwa hiyo ruta iliyolemewa na kazi kwa muda haiadhibiwi kama iliyokufa.

Lakini namba za kwenye karatasi si lazima ziwe za kwenye chipu. Kaunta ya biti 32 inayohesabu mara milioni 200 kwa sekunde humalizika baada ya sekunde 21 na kidogo. Mtambo wa namna hiyo ukiombwa sekunde 30 hukataa, na hubaki na kikomo chake. Fundi asiyeangalia huondoka akiamini ameweka nusu dakika. Kwa OpenWrt hali halisi husomwa kwa amri moja, ubus call system watchdog, na jibu lake ndilo la kuamini kuliko faili la mipangilio.

Nani anayegonga

Kosa la kwanza ambalo watengenezaji wa mitambo hulifanya, na ambalo mnunuzi halioni, ni kumpa kazi ya kugonga chuma mtu asiye mlinzi. Baadhi ya programu za ndani huunganisha ujumbe huo na mapigo ya saa ya mfumo, yale yanayotokea yenyewe mara nyingi kwa sekunde. Mapigo hayo huendelea hata kama kazi zote za maana zimesimama. Ni sawa na mwenye ghala kufunga chuma kwenye tawi la mwembe: upepo ukivuma kinalia, mlinzi akiwa nyumbani kwake. Ruta ya namna hii ina saa ya ulinzi kwenye karatasi ya sifa zake na haina ulinzi wowote.

Iliyo sahihi ni kugonga baada ya kukagua. Programu inayopeleka ujumbe iwe imejiridhisha kwanza kuwa kazi zenyewe zinaendelea: inayogawa anwani kwa simu za wageni, inayosukuma data, inayosimamia redio. Mojawapo ikinyamaza, ujumbe usiende. Kwa ruta za kawaida za dukani mnunuzi hawezi kubadili hilo. Anayenunua mitambo 50 kwa mkupuo kwa ajili ya hoteli za ukanda wa mashariki ana haki ya kumwuliza muuzaji, na jibu la kigugumizi ni jibu tosha.

Muda nao una mashaka yake. Ukiwa mfupi mno, ruta inaweza kuumwa na mlinzi wake yenyewe wakati inaandika programu mpya kwenye kumbukumbu ya kudumu, kazi inayochukua muda na isiyopenda kukatizwa. Ruta iliyokatizwa katikati ya uandishi huo mara nyingi haiamki tena. Programu zilizoandikwa kwa uangalifu huendelea kugonga chuma wakati wa uandishi, au huongeza muda kwanza. Ukiwa mrefu mno, dakika 10 kwa mfano, foleni ya malipo dukani itakuwa imeshatawanyika.

Hodi kwa nani?

Hadi hapo ni saa iliyo ndani ya chipu. Kuna mlinzi wa pili, wa programu, ambaye mafundi wa Unguja humtumia zaidi kwa sababu huwekwa kwa vibonyezo vichache. Huyu hapimi kama ruta iko hai. Anapiga hodi kwenye anwani fulani ya mbali, kitendo ambacho mafundi hukiita pingi, na asipoitikiwa anaiwasha ruta upya. Hapa ndipo penye hasara kubwa, na ndipo panapostahili kuangaliwa kwa kina.

Mitambo miwili iliyozoeleka Afrika Mashariki ni ya MikroTik ya Latvia na ya Ubiquiti ya Marekani. Katika MikroTik saa ya chipu huja ikiwa imewashwa, na sehemu ya anwani ya kupigiwa hodi huja ikiwa tupu. Fundi akiijaza, ruta husubiri dakika 5 baada ya kuwaka, kisha hupiga hodi. Isipoitikiwa ndani ya sekunde 60, inajiwasha upya. Kampuni yenyewe inaeleza matokeo yake bila kificho: anwani isipofikika, ruta itajiwasha upya kila baada ya dakika 6 hivi. Katika redio za Ubiquiti zenye mfumo wa airOS, mpangilio wa kawaida ni hodi moja kila sekunde 300, kusubiri sekunde 300 baada ya kuwaka, na kuwasha upya hodi tatu zikikosa jibu.

Sasa aje fundi mwenye haraka, aandike anwani inayokumbukwa na kila mtu, 8.8.8.8 ya Google. Siku nyingi za mwaka mambo ni shwari. Lakini ili hodi hiyo iitikiwe, lazima ivuke paa la mteja, mnara wa muuzaji, bahari kati ya Unguja na bara, na mara nyingi bahari nyingine kubwa zaidi. Kukatika kokote njiani, hata kule ambako ruta ya Paje haina uwezo wa kukurekebisha, kunahesabiwa kuwa kosa la ruta ya Paje.

Mwaka 2024 ulitoa mfano mzuri. Februari mwaka huo nyaya kadhaa za chini ya Bahari ya Shamu zilikatika, ukiwamo wa SEACOM. Mei 12, siku ya Jumapili, hitilafu nyingine ikaipata SEACOM pamoja na EASSy upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Intaneti ilidorora sana, na huduma zilichukua siku kadhaa kutengemaa.

Ruta iliyowekwa kupiga hodi mbali, kwa mpangilio wa dakika 6, ikikosa jibu kwa saa 24 hujiwasha upya mara 240. Kwa mpangilio wa Ubiquiti, unaochukua dakika 20 hivi kwa kila mzunguko, ni mara 72. Wala hakuna hata mara moja kati ya hizo inayosaidia, kwa kuwa tatizo liko chini ya bahari maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Mfanyabiashara angeweza kusema haidhuru, intaneti imeshakatika hata hivyo. La hasha. Ndani ya hoteli kuna mambo mengi yanayopita kwenye ruta bila kuhitaji dunia ya nje: oda ya baa inayochapwa jikoni, simu za vyumbani, kamera za lango, kompyuta ya mapokezi inayosoma daftari lililo kwenye kompyuta ya mhasibu. Yote hayo yangeendelea kufanya kazi vizuri. Mlinzi aliyewekwa vibaya anayaua kila dakika 6. Hoteli inayopaswa kupoteza intaneti peke yake inapoteza na jiko.

Kwa hiyo swali la kwanza la mmiliki kwa fundi wake liwe: hodi inapigwa kwa nani? Jibu zuri ni anwani ya karibu kabisa ambayo kukosekana kwake kunaweza kutibiwa na ruta kujiwasha upya. Kwa redio ya juu ya paa, hiyo ni redio ya upande wa pili, iliyo kwenye mnara wa muuzaji. Kwa ruta ya ndani, ni lango la muuzaji lililo papa hapa kisiwani. Anwani za ng'ambo ziachwe kwa kazi ya kutoa taarifa tu, siyo kutoa adhabu.

Dawa nyingine ni kumpa mlinzi ngazi za hatua badala ya rungu moja. MikroTik ina chombo kiitwacho Netwatch ambacho, anwani ikinyamaza, hutekeleza maagizo ya fundi: kuhamia laini ya simu ya akiba, au kutuma ujumbe. Kwa OpenWrt iko programu ya watchcat inayoweza kuamriwa kuanza upya lango la intaneti pekee, bila kugusa mtandao wa ndani. Kuwasha upya kifaa kizima kuwe hatua ya mwisho, na baada yake kuwe na subira inayorefuka. Ruta ambayo imejiwasha upya mara tatu bila mafanikio haina sababu ya kuamini kuwa mara ya nne itafanikiwa.

Kisiwa mwishoni mwa waya

Unguja imekuwa mwishoni mwa waya wa mtu mwingine kwa muda mrefu. Waya wa simu ya maandishi kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879 na kuendelea hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Jengo la kampuni ya mawasiliano pale Shangani, Extelecoms, leo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Enzi hizo ulinzi wa waya ulikuwa wa macho na masikio ya binadamu, zamu kwa zamu.

Umeme nao huja kwa njia hiyo hiyo. Waya wa kwanza wa umeme wa chini ya bahari kutoka bara, wa megawati 45, ulianza kazi mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa karibu mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa miezi mitatu. Wafanyabiashara waliokuwa na maduka wakati huo hawajasahau mlio wa jenereta vichochoroni. Waya mpya wa megawati 100, uliojengwa kwa msaada wa Marekani, ulizinduliwa mwaka 2013, na giza la miezi halijarudi. Kukatika kwa muda mfupi kungaliko.

Na kukatika kwa muda mfupi ndiko kunakoganda ruta. Umeme ukizima kwa saa nzima, ruta hufa kabisa na huwaka safi. Ukipepesa kwa nusu sekunde, mafao yaliyobaki ndani ya adapta hushuka nusu, chipu haifi wala haiko hai, kumbukumbu yake imechafuka, kisha umeme unarudi. Taa zinawaka, kazi hazifanyiki. Adapta zimeandikwa volti 100 hadi 240, na mnunuzi hudhani hiyo ni kinga. Maandishi hayo yanahusu umeme ulio mdogo kwa utulivu. Hayasemi lolote juu ya umeme unaopepesa.

Katika hali hiyo hata saa ya ulinzi iliyo ndani ya chipu kuu inaweza kuchanganyikiwa pamoja na mwenyeji wake, kwa kuwa wanakula chungu kimoja. Ndiyo sababu mitambo ya viwandani huwekewa chipu ya pili, ya pembeni, inayopima volti na kuhesabu muda kwa kujitegemea. Mojawapo inayojulikana ni TPS3823 ya Texas Instruments: volti ikishuka chini ya kiwango huishikilia ruta isianze hadi umeme utulie, na isipopata ujumbe kwa sekunde 1.6 hivi huianzisha upya. Vipuri vya aina hiyo bei yake ni ndogo, lakini mtengenezaji wa ruta ya bei rahisi huhesabu hata senti. Tofauti ya bei kati ya ruta ya nyumbani na ya viwandani, ambayo wanunuzi huiona kuwa ni jina tu, kwa sehemu inatokana na vitu vya namna hii visivyoonekana kwenye picha ya boksi.

Asiyetaka kununua mtambo wa viwandani ana njia ya kati: UPS ndogo ya volti 12 ya kuwekwa kati ya adapta na ruta. Inameza mapepeso yote kabla hayajaifikia chipu. Kwa nyumba ya wageni ya Mkunazini au Hurumzi pengine hilo ndilo tumizi la kwanza la kufanya, hata kabla ya kugusa menyu. Kwa ufukweni ni vizuri pia kuangalia plagi na viunganishi, kwani chumvi ya bahari hula shaba, na mguso dhaifu hupepesa kama umeme mbovu.

Wapo wanaotumia plagi yenye saa, ile inayokata umeme wa ruta kila siku saa 10 alfajiri na kuurudisha baada ya dakika chache. Si ya kudharauliwa. Inasafisha kumbukumbu iliyojaa polepole na haina haja ya fundi. Lakini ruta iliyoganda saa 2 usiku, wakati wa chakula, itasubiri hadi alfajiri, na plagi haijui kama usiku huo ruta ilikuwa katikati ya kuandika programu mpya.

Daftari la mlinzi

Saa ya ulinzi ina ubaya mmoja ambao wauzaji hawausemi: inaficha ugonjwa. Ruta inayojiwasha upya mara nne kwa usiku, kila mara kwa dakika mbili, inaweza kukaa miezi bila mtu kulalamika rasmi. Wageni hunung'unika, simu hukatika, mashine ya kadi hurudia mara mbili, basi. Mmiliki anasema mtandao wa leo mzito. Ukweli ni kuwa adapta inakufa.

Chombo cha Mars Pathfinder kilichotua Julai 1997 ni mfano unaotajwa sana na mafundi. Kompyuta yake ilianza kujianzisha upya tena na tena huko Mars, kwa sababu kazi moja ndogo ilikuwa inaizuia kubwa isimalize kwa wakati. Saa ya ulinzi iliokoa chombo, ila kila ilipouma, vipimo vilikatizwa. Ugonjwa wenyewe ulitibiwa baada ya wahandisi kuurudia kwenye mtambo pacha hapa duniani, kusoma kumbukumbu za kilichotangulia, na kutuma marekebisho.

Ruta ya Bwejuu nayo inahitaji kumbukumbu, na hapo pana mtego. Ruta nyingi huandika daftari lao kwenye kumbukumbu ya muda, inayofutika zinapowashwa upya. Ushahidi huungua pamoja na nyumba. Fundi mwangalifu huelekeza daftari hilo kwenye kompyuta nyingine, ya mapokezi au ya ofisi mjini, ili sekunde za mwisho kabla ya kuganda zibaki. Chipu nyingi pia huhifadhi sababu ya kuwashwa upya, kama ni umeme au ni saa ya ulinzi, na Linux ina njia ya kuisoma pale mtambo unapoiunga mkono. MikroTik hutengeneza yenyewe faili la taarifa baada ya kuanguka kwa programu, na inaweza kuamriwa kulituma kwa barua pepe.

Kwa muuzaji wa intaneti mwenye wateja 40, daftari hilo lina thamani ya fedha. Redio tano zilizojiwasha upya usiku mmoja kwa dakika zile zile zinaeleza habari ya umeme wa mtaa. Redio moja iliyojiwasha mara 30 peke yake inaeleza habari ya redio hiyo, na fundi anapanda gari akiwa na adapta mpya mkononi badala ya kwenda kuangalia kwanza.

Kujaribu kabla ya msimu

Mikataba ya ufungaji mitambo katika hoteli ndogo mara nyingi humalizika kwa fundi kuonyesha kuwa kasi inatosha, kupokea fedha na kuondoka. Ingefaa malipo ya mwisho yangoje majaribio mawili.

La kwanza ni kuigandisha ruta kwa makusudi. Kwa vifaa vya Linux ipo amri ya kuiangusha keneli, na kwa OpenWrt unaweza pia kuamuru procd iache kugonga chuma. Kisha fundi na mmiliki wanashika saa ya mkononi na kusubiri bila kugusa kitu. Ruta irudi yenyewe. Ikibaki na taa zinazowaka bure, kilichonunuliwa ni ruta isiyo na mlinzi.

La pili ni kuchomoa waya wa intaneti, ule unaotoka kwa muuzaji, na kuuacha nje kwa saa moja. Katika saa hiyo oda za baa ziendelee kuchapwa jikoni na simu ya chumba namba 3 ilie mapokezi. Ruta isijiwashe upya hata mara moja, na kama kuna laini ya akiba, ishike. Ikianza kuzima na kuwaka kila dakika 6, fundi afungue menyu palepale na aseme ameandika anwani gani.

Aprili na Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi za mashariki na kaskazini hufunga au hubaki na wageni wachache, na mafundi wana nafasi. Kufika Julai vyumba vimejaa, na hakuna meneja atakayekubali waya uchomolewe kwa saa nzima.